Karatasi ya Shahidi

Kwa miaka miwili na miezi mitatu Baba yangu alizungumza na dada yangu kupitia kwangu. "Mwambie dada yako chai imezidi sukari," angeniambia, na huyo dada mwenyewe amekaa pale pale, kiwiko kwa kiwiko na mimi, birika bado liko mkononi. Nami ningegeuka niseme, "Dada, chai imezidi sukari." Dada angejibu, "Mwambie Baba kijiko ni kile kile cha jana." Ningegeuka tena. Ikafika mahali shingo ikaanza kuniuma upande mmoja, na daktari aliponiuliza ninafanya kazi gani, nikamjibu kwamba nina baba na dada.

Nisipokuwepo, kazi hiyo ilifanywa na redio. Waliishi wawili tu katika ile nyumba, maana Mama alikuwa ameshatangulia na Dada alirudi kumtunza mzee. "Wewe redio, mwambie huyo kuna mtu anabisha hodi." Nilidhani Dada anatia chumvi, mpaka siku niliposimama nje ya mlango nikasikia kwa masikio yangu. Nilipoingia nikakuta redio yenyewe imezimwa.

Baba alifundisha sayansi miaka thelathini na sita. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kipimo, kwa sababu hakukubali kitu ambacho hakijapimwa. Hata Mama, Mungu amrehemu, alipomwambia kwa mara ya kwanza kwamba anampenda, inasemekana aliulizwa ni kwa kiasi gani. Watoto tulikuwa wawili. Dada alirithi kichwa chake, mimi nikarithi viatu vyake.

Dada alipokuwa na miaka tisa, Baba alimpeleka kwenye hadubini pekee ya shule, akaweka chini yake tone la maji kutoka tangi la shule, akamwambia atazame. Dada akaona mwani, ule utelezi wa kijani unaoota ndani ya tangi. Lakini kwenye hadubini haukuwa utelezi. Ulikuwa uzi mrefu wenye viungo, chumba baada ya chumba, na ndani ya kila chumba kijani kimejipanga vizuri kuliko vitabu vya Baba. Kengele ya kurudi nyumbani ililia mara mbili, na Dada bado ameinama. Nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nasubiri nje na njaa.

Dada akasoma kemia, akaajiriwa kuwa mpimaji katika maabara ya maji ya mji. Miaka kumi na minne alipima maji, na miaka kumi na minne Baba alijisifu. Mtu asingeweza kunywa maji mbele yake kwa amani. Alikuwa anamshika mkono mtu akiwa na glasi mdomoni: "Kunywa bila wasiwasi. Hayo amepima binti yangu." Mtu anapaliwa, Baba anatabasamu.

Kisha maabara ikaletewa mashine ya kupimia maji. Ilitoka mbali, mashariki kabisa ya Asia, na ilikuja na Mhandisi wake wa kuifunga. Kazi ilikuwa ya wiki tatu. Walipofungua sanduku wakakuta imekosekana pete moja ya mpira, ndogo ya kuingia kidole cha mtoto. Pete ikaagizwa, ikafika, ikakwama forodhani, kwa sababu maofisa walitaka kwanza kujua kama ni ya mashine au ya gari, maana ushuru wake ni tofauti. Mhandisi akakaa kwenye kiti miezi minane akisubiri pete ya mpira. Ili asirukwe na akili, akawa anachora.

Alichora kwa namna ya kwao: kijiti cha wino kinasagwa kwenye jiwe na maji kidogo, brashi laini ya manyoya, karatasi nyembamba inayonywa wino kabla hujafumba jicho. Meza yake ilikuwa jirani na ya Dada. Walikuwa na maneno kama arobaini ya kuelewana, na nusu yake ni majina ya kemikali. Kwa hiyo alimfundisha kwa mikono. Brashi inashuka mara moja, inakwenda, inaondoka. Hakuna kurudi nyuma kusawazisha. Ukikosea, kosa lako limekaa hapo, ishi nalo. Siku Dada alipotafuta kifutio, Mhandisi alicheka mpaka akalazimika kuvua miwani.

Pete ilipofika, mashine ilifungwa kwa dakika ishirini. Mhandisi akaaga, akamwachia Dada brashi zake, jiwe, vijiti vya wino na bunda zima la karatasi. Mashine ilifanya kazi siku kumi na moja. Dada hakuacha kuchora.

Ila kumbuka huyu ni mtoto wa Mwalimu Kipimo. Alisaga wino, halafu akahesabu matone ya maji kwa bomba dogo la maabara: saba, si sita. Aliandika daftarini joto la chumba, unyevu wa hewa, na sekunde ngapi wino umechukua kutambaa mpaka ukubwa wa ukucha. Mhandisi alikuwa amemfundisha mianzi na maua, yeye akachora alichokiona kwa miaka kumi na minne chini ya hadubini. Vijidudu vyote vya majini vikapata heshima ya mianzi. Nilimwona kiluwiluwi wa mbu amechorwa kwa adabu kiasi kwamba niliona haya kwa jinsi nilivyowatendea ndugu zake.

Tatizo likawa kwamba ana walimu wawili. Mhandisi anasema mkupuo mmoja, usirudie. Baba tangu utotoni anasema kitu ambacho hakijarudiwa mara tatu bado hakijaonekana. Dada akaamua kuwatii wote. Kila picha aliichora mara tatu, kwenye karatasi tatu, bila kusahihisha hata mstari. Na akaongeza ya nne.

Hiyo ya nne aliiita shahidi. Neno ni la Baba. Darasani alikuwa anapanda maharage kwenye makopo mawili. Moja analitia mbolea, jingine halitii kitu. Lile lisilotiwa kitu ndilo shahidi, kwa sababu ndilo linalosema kama la kwanza linasema kweli. Basi Dada alipomaliza picha tatu za wino, aliosha brashi, akaichovya kwenye maji matupu, yale safi ya kutia kwenye betri ya gari, akachora picha ile ile kwa mkono ule ule, mkupuo kwa mkupuo. Ikikauka unabaki na karatasi nyeupe. Aliandika kwa penseli kwenye kona ya chini, kwa herufi ndogo kama sisimizi, "shahidi", akaihifadhi pamoja na wenzake.

Nilimuuliza, "Dada, hii sasa ya nini?"

"Ya kujua kama ni wino unaochora, au ni mimi."

Sikuendelea. Nilikuwa na wateja dukani kwangu.

Halafu akaacha kazi ya maabara. Alimweleza Baba mezani, kwa heshima zote, kwamba anataka kuchora. Baba akauliza, "Na maji atapima nani?" Dada akasema, "Watu wapo, Baba." Baba akanigeukia mimi: "Mwambie dada yako anipe chumvi." Tangu hapo shingo yangu haikupumzika.

Wakati wa maonyesho ya wachoraji wa mji ulipofika, kila mchoraji aliruhusiwa picha moja. Dada alichagua mwani wa tangi la shule, karatasi namba tatu. Alikuja dukani kwangu, na hapo niseme kwamba mimi ni fundi wa fremu na vioo, mwaka wa kumi na nane sasa, na hakuna mteja aliyewahi kunirudishia kazi. Akakaa kwenye kigoda changu, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Mdogo wangu, mimi sitaki sifa za mtu. Nataka Baba aje aone. Halafu aniambie mwenyewe, kwa mdomo wake, hata kama ni kuniambia haifai. Nimechoka kuongea na baba yangu kama naongea na ofisi."

Nikapeleka ombi. Baba alifikiri siku mbili. "Mwambie dada yako nitakuja, mara moja tu. Nitaangalia kilichopo. Nikikuta hakuna kitu, asinitumie tena mtu."

Dada akaniletea kadi mbili nene. Kwenye moja amebandika namba tatu kwa pembe zake nne, kwenye nyingine shahidi. "Weka zote ndani ya fremu. Shahidi ikae nyuma ya picha, isionekane. Sitaki picha itembee bila shahidi wake."

Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana nimejitetea mara nyingi na bado sijapata wa kunielewa. Fremu hufungwa kwa kuilaza kifudifudi. Kioo kiko chini mezani, unaweka picha kifudifudi juu ya kioo, unafuatisha vya nyuma, kisha misumari na utepe wa kahawia. Mimi asubuhi ile akili yote ilikuwa kwa Baba. Kichwani nikasema: cha nyuma kinatangulia chini, cha mbele kinakuja juu. Kama mtu anayepanga sahani. Nikaweka shahidi kwanza, picha baadaye, zote mgongo juu, na migongo ya kadi zile mbili ilifanana kabisa. Nikapiga misumari, nikabandika utepe, nikatia ndoano ya kutundikia upande uliokuwa karibu nami, nikafunga kwa gazeti. Sikugeuza kuangalia. Fundi wa miaka kumi na nane ageuze kuangalia nini?

Kadi ya mwaliko ilisema saa nne kamili asubuhi. Baba alifika saa nne kasoro dakika tano, amevaa koti la kustaafia. Mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa, maana picha zilifunikwa vitambaa mpaka mgeni rasmi aje. Mgeni rasmi alikuwa Mkuu wa Maji wa mji, bosi wa zamani wa Dada, kwa sababu ofisi yake ndiyo iliyotoa viti. Tukakaa kwenye korido.

"Mwambie dada yako saa nne imepita kwa dakika ishirini."

"Baba, anakusikia."

"Mwambie."

Mkuu wa Maji aliingia saa sita na robo. Nyuma yake akaingia Mama Ndoo, mjumbe wa mtaa wetu, aliyepata jina hilo kwa sababu huhudhuria kila mkutano na ndoo yake kavu, na huiweka mapajani ili viongozi waione. Baba akapewa kiti cha mbele. Mshereheshaji akavuta vitambaa kimoja kimoja huku watu wakipiga makofi: picha ya soko, picha ya ng'ombe, picha ya soko tena. Akafika kwa Dada, akavuta.

Nyeupe. Fremu yangu nzuri ya mbao nyeusi, kioo changu safi, na ndani yake weupe mtupu. Pembeni kikaratasi: "Mwani katika tone la maji. Wino juu ya karatasi. Rudio la tatu."

Nikahisi kucha za Dada zikiingia mkononi mwangu.

"Umefanya nini?" alininong'oneza.

Nikaiona meza yangu, nikaiona mikono yangu ikipanga sahani. "Dada, nisamehe. Ya wino iko nyuma."

Kila mtu alimwangalia mwenzake aone kama mwenzake anaona. Mshereheshaji, ambaye analipwa ili pasiwe na kimya, akasema kwa sauti nzito, "Msanii... ametuachia nafasi!" Mtu mmoja akapiga makofi kwa woga, wengine wakafuata kwa unafuu.

Mkuu wa Maji akasogea, akasoma kikaratasi, akatazama karatasi, akasoma tena. Uso ukamng'aa.

"Mnaona wenyewe!" akasema. "Tone la maji, na mwani hakuna! Hakuna mwani, hakuna mdudu, hakuna chochote! Ndugu zangu, haya ndiyo maji yetu. Huyu binti ametupimia miaka kumi na minne, leo ametoa ushahidi."

"Ushahidi gani?" Mama Ndoo akasimama na ndoo yake. "Mwani hakuna kwa sababu na maji yenyewe hakuna! Hilo ni bomba la kwetu hilo! Mwanangu, umechora ukweli mtupu!"

Makofi yakawa ya nguvu zaidi. Mkuu wa Maji akatangaza kwamba picha hiyo itatundikwa mapokezi ya ofisi yake. Mama Ndoo akasema labda wapite juu ya maiti yake, picha ni ya wananchi, itabebwa mbele kwenye mkutano wa mtaa. Watu wakagawanyika pande mbili, upande wa maji safi na upande wa maji hakuna, wote wakiinyooshea kidole karatasi ile ile. Bwana mmoja akapendekeza ikatwe katikati, na nasikitika kusema kwamba alisikilizwa kwa makini.

"Dada, niseme?" nikamuuliza. "Niwaambie ni mimi nimekosea?"

Hakuwa anawaangalia hata hao waliokuwa wakimgombania. Alikuwa anamwangalia Baba. Mzee alikuwa amekaa, mikono juu ya fimbo, macho kwenye fremu, uso ule ule aliokuwa nao akisahihisha mitihani. Niliyakumbuka maneno yake: nikikuta hakuna kitu, asinitumie tena mtu. Hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimempelekea baba yangu kitu hakuna, ndani ya fremu safi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na nilimwonea dada yangu huruma.

Baba akasimama. Watu wakampisha, kwa sababu nusu yao aliwafundisha na nusu aliwafelisha. Akakaribia kioo mpaka pumzi yake ikatia ukungu. Akainua kidevu, akatazama kona ya juu. Akageuza kichwa, karibu akiweke begani.

"Mwambie dada yako," akasema, "hii imetundikwa juu chini."

Mshereheshaji akacheka kidogo, akidhani ni utani. Baba hajawahi kutania. Akaishika fremu, akaitoa ukutani bila kumwomba mtu ruhusa, akaigeuza, na ile kona ikaja chini, na katika kona nikaiona mimi pia, kwa mara ya kwanza, ile penseli ndogo kama sisimizi. Baba akaenda na fremu mpaka dirishani. Mgogoro wa maji ukasimama, wote wakamfuata kwa macho.

Akailaza kiganjani usawa wa jicho, namna ya seremala anayeangalia kama ubao umenyooka, ili mwanga wa dirisha uipite kwa ubavu. Karatasi ile nyembamba ikilowa na kukauka hujikunja kidogo pale palipolowa, hata kama ni maji tu. Nami kwa bahati nilitumia kadibodi nyembamba ya kufungia nyuma, haikuibana sana kwenye kioo. Baba akaigeuza kidogo kushoto. Akaigeuza kidogo kulia. Nilikuwa nyuma ya bega lake, na nikaona: uzi mrefu, viungo vyake, chumba baada ya chumba, umeinuka kwenye weupe kama mshipa chini ya ngozi.

Baba aliufuata uzi ule kiungo kwa kiungo. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Kisha akageuka, akanipita mimi niliyekuwa tayari nimeshageuza shingo, akamtazama Dada usoni.

"Wewe," akamwambia. "Kwenye kiungo cha nne ulisita."

Dada akamsogelea mpaka dirishani.

"Ndiyo, Baba. Mlango uligongwa."

"Aligonga nani?"

"Mdogo wangu. Alikuja kuuliza vipimo vya fremu ya picha nyingine."

"Hm," Baba akasema. Akarudi kwenye karatasi. "Cha tano umekirudisha vizuri. Mkono wako haukutetemeka tena mpaka mwisho." Akakohoa. "Mwani huu naujua. Ni wa tangi letu."

"Ni wa tangi letu, Baba," Dada akasema, na machozi yakawa yanamtoka waziwazi mbele ya watu wote, wala hakuyafuta.

"Na ya wino iko wapi? Shahidi hasimami peke yake."

"Iko nyuma yake. Humo humo ndani."

Mkuu wa Maji akajipenyeza. "Mzee wangu, mwalimu wangu," akasema kwa upole mwingi, "kwa maoni yangu tusifungue. Imeshapendeza hivi. Na hilo tangi la shule, kwa kweli, tunalijaza sisi."

"Fungua!" akapaza sauti Mama Ndoo, akigonga ndoo yake kwa kiganja. "Tuone mmelijaza nini!"

Baba akailaza fremu kwenye ukingo wa dirisha. Alinitazama mimi, mwanawe wa pili, fundi wa miaka kumi na nane. Alinitazama kuanzia viatu. Akamgeukia Dada.

"Mwambie mdogo wako alete bisibisi."

Dada akanigeukia, uso umelowa, na alikuwa anacheka. "Mdogo wangu, Baba anasema ulete bisibisi."

"Mwambie Baba naileta," nikasema, nikaenda kuitafuta. Shingo haikuniuma hata kidogo.